Makangaga Katika Kivuli cha Mwembe

Simama chini ya mwembe mkubwa wa mjini Tabora wakati wa adhuhuri, mwezi wa Septemba. Nje ya kivuli jua ni kali na mchanga unachoma nyayo. Ndani ya kivuli kuna ubaridi wa kupendeza. Sasa tazama chini, karibu na shina. Utaona majani makavu yaliyoanguka na udongo mtupu. Hata nyasi zimeshindwa kuota. Je, upo mmea unaoweza kupapamba mahali kama hapa? Katika somo hili utajifunza juu ya mmea uitwao kangaga, na jinsi ya kuchagua kangaga linaloweza kuishi katika nchi yenye kiangazi kirefu.

Kivuli cha njia ya misafara

Mwembe si mti wa asili wa nchi yetu. Asili yake ni Asia ya Kusini. Uliletwa pwani na wafanyabiashara, na kutoka pwani ukafuata njia ya misafara kwenda bara. Njia hiyo ilianzia Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Urefu wake ulikuwa kiasi cha kilometa 1,200. Katika njia hiyo walipita wapagazi wa Kinyamwezi wakiwa na pembe za ndovu mabegani. Walipita pia watu waliotekwa na kufanywa watumwa, wakipelekwa pwani pasipo hiari yao.

Wazungu Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, mwezi wa Novemba mwaka huohuo. Hesabu miezi hiyo. Utaona kwamba karibu safari yao yote ilikuwa wakati wa kiangazi. Mtu aliyetembea hivyo alijua thamani ya vitu viwili: maji na kivuli. Kangaga nalo huhitaji vitu hivyo viwili, na kimoja hakiwezi kuchukua nafasi ya kingine.

Kangaga ni mmea gani?

Kangaga ni mmea wa kijani usiotoa maua wala mbegu. Jani changa huwa limejiviringa kama gamba la konokono, kisha hujikunjua polepole. Shina la makangaga mengi hulala chini ya ardhi kama tunguu la tangawizi. Katika misitu ya Usambara na Kilimanjaro, hata hivyo, yapo makangaga yenye shina refu kama mti.

Pindua jani la kangaga lililokomaa. Mara nyingi utaona vidoa vya rangi ya kahawia vilivyojipanga vizuri. Usidhani kwamba ni ugonjwa. Vidoa hivyo vina vumbi laini liitwalo spora. Spora huchukuliwa na upepo. Ikianguka mahali penye unyevu, huota na kuwa kimea kidogo, mara nyingi chenye umbo la moyo, kisichozidi ukucha wako. Juu ya kimea hicho, chembe za kiume huogelea katika maji mpaka kuzifikia chembe za kike. Hapo ndipo kangaga jipya huanza kukua. Maji yasipokuwapo, chembe haziwezi kuogelea. Ndiyo maana makangaga hupatikana zaidi kandokando ya chemchemi, mito na visima.

Kivuli peke yake hakitoshi

Tuseme mjomba wako amekuletea kangaga zuri kutoka Amani, katika milima ya Usambara. Wewe umelipanda chini ya mwembe mwezi wa Julai. Baada ya wiki mbili ncha za majani zimekauka. Baada ya mwezi mmoja mmea umekufa, ijapokuwa jua halikuugusa. Kosa liko wapi?

Amani hupata mvua inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka, na mvua hiyo hunyesha karibu kila mwezi. Tabora hupata kiasi cha milimita 900, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Tangu Mei hadi Oktoba mvua ni haba sana, na hewa ni kavu. Tena, mwembe nao una kiu. Mizizi yake imeenea pande zote chini ya kivuli chake, nayo hunyonya unyevu wa udongo. Majani yake mengi huzuia manyunyu madogo yasifike chini. Basi kumbuka neno hili: kivuli hupunguza jua, lakini hakileti maji.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua mmea, chunguza kwanza mahali pa kuupanda. Jiulize: Mahali hapa pana kivuli saa ngapi? Udongo hukauka upesi kiasi gani? Maji yatatoka wapi mwezi wa Septemba?

Makangaga ya kuchagua

Kangaga lenye vijiazi. Majani yake ni marefu na membamba, na vijani vyake vimepangwa pande mbili kama vipago vya ngazi. Katika misitu ya miombo ipo aina inayoweka maji na chakula katika vijiazi vidogo chini ya ardhi. Wakati wa kiangazi majani yake hukauka, na mtu asiyejua hudhani limekufa. Mvua zinaponyesha, huchipua tena. Hili linafaa sana kwa bustani ya Tabora.

Kangaga la ukutani. Hili huota katika nyufa za kuta za mawe, za visima na za madaraja, hasa penye chokaa. Hupenda mahali ambapo maji hupita lakini hayatuami.

Kangaga la miambani. Aina moja ina majani yanayofanana na jani la mvumo lililofanywa dogo mno, na kimo chake ni kama shubiri. Jua likizidi, majani hujikunja na kukauka kabisa. Yakipata maji hukunjuka na kuwa ya kijani tena. Lipande kati ya mawe, mahali penye kivuli chepesi. Maji mengi huliozesha.

Usipande kangaga kubwa la mashambani linaloenea upesi katika miteremko iliyochomwa moto. Hilo ni sumu kwa ng'ombe, na kuling'oa ni kazi ngumu.

Kutafuta mahali pazuri

Chomeka fimbo wima uwanjani saa sita mchana mwezi wa Juni. Kivuli chake kitaelekea kusini. Rudia mwezi wa Desemba. Kivuli kitaelekea kaskazini. Hii ni kwa sababu kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa Tabora. Karibu kiangazi chote, basi, ukuta wa kusini wa darasa lako huwa na kivuli wakati wa mchana. Katika miezi ya Desemba na Januari jua huufikia ukuta huo, lakini wakati huo kuna mawingu na mvua. Ni mwezi wa Oktoba tu ambapo mimea ya hapo huhitaji kufunikwa kwa kichanja cha nyasi. Hapo, mbali na mizizi ya mwembe, ni mahali pazuri kwa makangaga.

Namna ya kupanda

1. Ngoja mpaka mvua za kwanza za Novemba au Desemba.
2. Chimba shimo lenye kina cha sentimeta 20. Changanya udongo na mboji ya majani yaliyooza vizuri. Weka kokoto chini ili maji yasituame.
3. Kata kipande cha tunguu chenye chipukizi na mizizi. Kiweke karibu na uso wa udongo. Ukikizika mno kitaoza.
4. Funika udongo kwa majani makavu ya mwembe yaliyokatwakatwa. Majani hayo huzuia unyevu usipotee.
5. Wakati wa kiangazi mwagilia jioni. Kwanza ingiza kidole katika udongo. Ukihisi unyevu, usimwagilie siku hiyo.

Maji ya kunywa hutangulia daima. Kwa mimea tumia maji yaliyokwisha oshea mboga au matunda. Maji yenye sabuni nyingi hayafai. Kama huna mahali pazuri ardhini, panda katika chungu au kopo lililotobolewa chini, ulisogeze kivulini.

Jaribio

Vitu vinavyohitajika: makopo matatu ya ukubwa mmoja yaliyotobolewa chini, udongo, na maji lita moja na nusu.

Jaza udongo uleule katika makopo yote. Mimina nusu lita ya maji katika kila kopo. Weka kopo la kwanza juani, la pili chini ya mwembe, na la tatu kusini mwa ukuta wa darasa. Kila asubuhi kwa siku saba ingiza kidole katika kila kopo, na uandike kama udongo ni mbichi, una unyevu kidogo, au umekauka. Kopo lipi limekauka kwanza? Sasa chimba kidogo ardhini chini ya mwembe, ulinganishe udongo huo na ule wa kopo la pili. Kopo halina mizizi ya mwembe ndani yake. Tofauti unayoiona imesababishwa na nini?

Kutunza yaliyoko porini

Usiende chemchemini kung'oa makangaga yote. Mizizi yake hushika udongo wa kingo usichukuliwe na maji. Omba ruhusa kwa wenye mahali hapo, chukua kipande kimoja tu kutoka kwenye kundi kubwa, na ulifunike shimo uliloliacha. Kutoka katika kipande kimoja kilichotunzwa vizuri shule yako yaweza kupata makangaga ya kutosha baada ya miaka michache.

Wengi wa waliopanda miembe mikubwa unayoiona leo hawakupata kupumzika katika kivuli chake kipana. Waliokuja baada yao ndio waliopumzika. Kangaga utakalopanda mwaka huu katika darasa la tano litakuwa limeenea utakapomaliza shule. Wengine wataendelea kulimwagilia.

Maswali

1. Taja mambo mawili yanayolitofautisha kangaga na mharage.
2. Vidoa vilivyo chini ya jani la kangaga vina kazi gani?
3. Kwa nini kangaga kutoka Amani laweza kufa Tabora hata likiwa kivulini?
4. Rafiki yako anataka kung'oa kangaga lenye vijiazi mwezi wa Agosti kwa sababu majani yake yamekauka. Utamshauri nini?
5. Chora ramani ya uwanja wa shule yako. Onyesha kaskazini, miti, majengo na mahali pa maji. Kisha weka alama mahali ambapo ungepanda makangaga, na ueleze sababu zako.