Mboga Karibu na Mlango: Somo la Bustani ya Nyumbani na Mboga za Porini



Somo letu la leo linahusu kitoweo. Mgao huleta unga, maharage au dengu, mafuta na chumvi. Vyakula hivi hushibisha, lakini majani mabichi hayamo. Mtoto anayekosa vitamini A kwa muda mrefu hushindwa kuona vizuri jua linapozama, na maradhi kama surua humshika kwa ukali zaidi. Mtu anayekosa vitamini C hutokwa damu kwenye fizi. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye. Mama mjamzito anayekosa madini ya chuma hupungukiwa damu.

Haya si mambo ya vitabuni tu. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata ugonjwa wa pelagra. Ngozi yao ilichubuka na kuwa nyeusi sehemu zinazopigwa na jua, na wengine waliharisha. Walikuwa wakipata mahindi, lakini karanga zilikuwa zimekosekana katika mgao. Chakula kimoja tu kilipokosekana, ugonjwa uliingia. Kwa hiyo familia isitegemee mgao peke yake ikiwa ina hata hatua tatu za ardhi nyuma ya nyumba.

MALENGO YA SOMO

Baada ya somo hili msomaji aweze:
1. Kutengeneza bustani ya gunia kwa maji kidogo.
2. Kuhamishia nyumbani mboga za porini anazozifahamu.
3. Kutambua mimea ya hatari na kujua la kufanya mtu akila sumu.

SEHEMU YA KWANZA: BUSTANI YA GUNIA

Gunia linafaa pale ambapo kiwanja ni kidogo au udongo umechoka. Vifaa vinavyohitajika ni gunia lisilooza upesi, udongo, samadi ya mbuzi au ya kuku iliyokwisha kuoza, kokoto, na kopo kubwa lililotobolewa juu na chini.

Hatua ya 1. Changanya madebe mawili ya udongo na debe moja la samadi. Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba vijidudu vya magonjwa. Iache kwanza ioze miezi miwili au mitatu.

Hatua ya 2. Simamisha gunia mahali penye jua, mbali na choo. Weka kopo katikati, lijaze kokoto, kisha jaza udongo kulizunguka. Vuta kopo juu taratibu, kokoto zibaki chini. Rudia hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo njia ya maji kufika mpaka chini.

Hatua ya 3. Toboa matundu madogo ubavuni, umbali wa shubiri moja kati ya tundu na tundu. Yapishane, yasifuatane kwa mstari wa kushuka. Panda mche mmoja katika kila tundu, na mingine juu ya gunia.

Hatua ya 4. Mwagilia kwenye kokoto asubuhi au jioni, si jua la mchana. Funika udongo wa juu kwa nyasi kavu ili maji yasikauke haraka.

Kuhusu maji: foleni ya bombani sote tunaijua. Maji ya kuoshea mchele, maharage au mboga yasimwagwe. Maji ya kusuuzia vyombo yenye sabuni kidogo yanafaa pia, ila yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani. Maji yaliyofuliwa nepi za watoto yasitumike kamwe kwenye mboga.

Wadudu wadogo wanaojikusanya chini ya majani huondolewa kwa vidole, au kwa kunyunyiza majivu makavu asubuhi kukiwa na umande. Osha majani vizuri kabla ya kupika.

SEHEMU YA PILI: MBOGA ZA PORINI ZIJE NYUMBANI

Hapa Kigoma mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei. Wakati huo mboga huota zenyewe kando ya njia na kwenye majalala. Kiangazi kikifika, akina mama na wasichana hulazimika kwenda mbali kuzitafuta, na huko mbali kuna hatari tunazozijua. Njia bora ni kuzileta mboga hizo nyumbani. Mmea uliozoea kujiotea porini hauhitaji mbegu ya kununua.

Mchicha, au lengalenga kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo. Sia mbegu juu juu, usizifukie sana, kwa sababu ni ndogo mno. Baada ya wiki tatu au nne huanza kuchumwa. Usiung'oe. Kata juu, acha shina la urefu wa kiganja, nao utachipua pembeni na kukupa mavuno mengine.

Mgagani, kwa Kirundi isogi. Hustahimili jua. Kata maua yanapotokeza ili majani yaendelee kuja. Uchungu wake hupungua ukipikwa na karanga za kutwanga.

Mnavu. Chuma majani machanga tu. Matunda yake mabichi ya kijani yana sumu. Watoto waonywe.

Matembele na majani ya maboga. Haya hupandwa chini, pembeni mwa gunia, yapate maji yanayochuruzika. Tembele huota kwa kukata kipande cha mmea na kukizika. Halihitaji mbegu.

Katika kila aina, acha mimea miwili au mitatu yenye afya isichumwe kabisa. Hiyo ni ya mbegu. Kausha mbegu kivulini, changanya na majivu, hifadhi katika chupa yenye kifuniko. Anayefanya hivyo hatasubiri mgao wa mbegu msimu ujao, na jirani aliyekosa atapata pa kuomba.

SEHEMU YA TATU: MAMBO YA KUOGOPA

Mnanaha. Huota kwenye majalala na mashamba, katikati ya mchicha na mnavu. Ua lake ni refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau. Tunda lake ni la mviringo na mara nyingi lina miiba. Majani yake yakifikichwa hutoa harufu mbaya. Sehemu zote za mmea huu ni sumu, na mbegu zaidi. Aliyeula hukaukwa mdomo, mboni za macho hupanuka, mwili huwa wa moto, na huongea maneno yasiyoeleweka. Watu wasidhani amerogwa. Apelekwe zahanati mara moja. Miche michanga hufanana, kwa hiyo usichume mche ambao bado huwezi kuutambua.

Uyoga. Elimu ya uyoga haihami pamoja na mtu. Uyoga uliokuwa ukila Kivu au Burundi unaweza kuwa na mfano wake hapa wenye sumu. Wapo wasemao kwamba uyoga ulioliwa na mdudu au mnyama ni salama, au kwamba sumu huonekana kwa kubadilisha rangi ya sarafu au kitunguu. Si kweli. Wala kuchemsha au kukausha hakuondoi sumu ya uyoga ule mbaya zaidi. Sumu hiyo huchelewa. Kutapika na kuharisha huanza baada ya saa sita au hata zaidi, kisha mgonjwa huonekana amepata nafuu, kumbe ini linaharibika. Kwa hiyo aliyetapika baada ya kula uyoga apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, pamoja na wote waliokula naye. Chukueni kipande cha uyoga uliobaki. Kanuni ni moja: uyoga usioujua kwa hakika, uache.

Mihogo. Majani ya muhogo, yaani sombe au kisamvu, yatwangwe vizuri, kisha yachemshwe sufuria ikiwa wazi ili sumu itoke. Mihogo michungu iloekwe siku tatu au zaidi, kisha ianikwe juani. Anayefupisha siku hizo kwa sababu ya njaa huweza kupata konzo, ugonjwa unaolemaza miguu ghafla na usiopona. Jina hilo lilitoka kwa Wayaka wa Kongo, ambao waliufahamu mapema.

KUPIKA

Isipokuwa sombe, mboga za majani zisichemshwe muda mrefu, na maji yake yasimwagwe. Tia mafuta kidogo, maana vitamini A huingia mwilini pamoja na mafuta. Kamulia limau au tia nyanya ili mwili upate madini ya chuma. Chai isinywewe pamoja na chakula, huzuia madini hayo. Mtoto aliyetimiza miezi sita apewe mboga iliyopondwa katika uji au ugali wake, huku akiendelea kunyonya.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni mboga zipi za porini tulizokula nyumbani ambazo zinaota pia hapa? Kila mmoja ataje jina kwa lugha yake.
2. Nani katika kijiji chetu ana mbegu za mgagani au mnavu za kugawana?
3. Tufanye nini na mnanaha unaoota karibu na mahali wanapochezea watoto?
4. Jirani mzee au mgonjwa asiyeweza kujaza gunia atasaidiwa na nani?

Kikundi kikimaliza maswali haya, kianze na gunia moja katika nyumba yenye watoto wadogo zaidi. Wengine watajifunza kwa kuona.