Baiskeli ya Umeme ya Bei Nafuu: Tununue au Tungoje?

Somo la kujadiliwa katika vikundi



Tarehe 1 Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme papa hapa Mombasa, katika bustani ya Mama Ngina. Tangu hapo habari za vyombo vya umeme zimeenea mitaani kwetu, na pamoja na pikipiki zile kubwa zimekuja baiskeli za umeme za bei ya chini, mpya na mitumba. Muuzaji atakwambia: hakuna petroli, hakuna nauli, ni kuchaji tu na kwenda. Je, ni kweli? Na kwa nani?

Swali hili si dogo. Kwa familia nyingi za Port Reitz, Chaani na Magongo, shilingi 60,000 ni akiba ya miaka, au ni mkopo wa chama ambao lazima urudishwe. Basi kabla ya kutoa pesa, tukae chini tupige hesabu pamoja.

1. TUJUE TUNACHONUNUA

Baiskeli ya umeme ina vitu vitatu vya kuangalia: mota, betri na kile kisanduku kinachopeleka umeme kutoka betri hadi mota. Ghali kuliko vyote ni betri. Ukweli ni kwamba unanunua betri iliyofungwa juu ya baiskeli.

Nguvu ya betri imeandikwa ubavuni. Zidisha volti (V) kwa zile namba za Ah. Betri ya volti 48 na Ah 10 ina wati-saa 480. Betri ya volti 36 na Ah 8 ina wati-saa 288. Sasa, mtu mzima akienda bila kupiga pedali sana hutumia kama wati-saa 15 kwa kila kilomita. Kwa hiyo betri ya 480 itakupeleka kilomita 32, na ile ya 288 itakupeleka kilomita 19 tu.

Kutoka Port Reitz hadi katikati ya mji ni kama kilomita 10. Kwenda na kurudi ni 20. Mwenye betri ya 288 atarudi akisukuma, na atasukuma mahali pabaya kabisa, kwenye mpando wa kutoka Makupa kuja Changamwe. Mwenye ile ya 480 atafika, lakini betri ikichoka na kubaki na nguvu ya asilimia 70, kilomita zake zitakuwa 22. Hapo hana nafasi ya kupitia sokoni.

Muuzaji akisema “kilomita 50”, usimwite mwongo. Muulize tu: kwa mtu wa kilo ngapi, barabara gani, na alipiga pedali au hakupiga?

2. BETRI ZA AINA MBILI

Baiskeli za bei ya chini kabisa mara nyingi zina betri za risasi, ndugu za betri ya gari. Ni nzito: seti ya betri nne ndogo inaweza kufika kilo 16. Tena zikimalizwa umeme kila siku huchoka upesi, na joto la pwani huzizeesha zaidi. Tuhesabu mwaka mmoja.

Aina ya pili ni lithiamu. Ni nyepesi, bei yake iko juu, lakini hudumu. Ikiwa ni nzuri na inatunzwa, tuhesabu miaka miwili na nusu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa upande huu hatuwezi kulisahau. Hapo Owino Uhuru, Mikindani, kilifunguliwa mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za risasi. Sumu ya risasi iliingia katika hewa, maji na damu za watoto. Mama Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, aliongoza wananchi kupinga. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 yeye akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamua wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo baada ya kutenguliwa na Mahakama ya Rufaa. Kwa hiyo anayenunua betri ya risasi ajiulize pia: ikifa, itakwenda wapi? Usiipasue, usimwage maji yake, na usimpe mtoto akauze kwa kilo.

3. HESABU YENYEWE

Bei tunazotumia hapa ni za mfano tu. Kila mmoja aweke zake.

Tuseme Mama A hulipa nauli ya shilingi 100 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 2,600. Akiwa na baiskeli ya umeme atatumia kama uniti 0.4 za stima kwa siku. Kwa shilingi 30 kila uniti, ni kama 300 kwa mwezi. Tairi, breki na fundi, aweke 500.

Ya betri za risasi: bei 60,000. Betri mpya kila mwaka 16,800, yaani aweke kando 1,400 kila mwezi. Toa yote kutoka 2,600, anabaki na 400. Kurudisha 60,000 kwa 400 kwa mwezi ni miezi 150, yaani miaka 12 na nusu! Baiskeli yenyewe itakuwa imekufa zamani.

Ya lithiamu: bei 75,000. Betri mpya ya 30,000 baada ya miezi 30, yaani 1,000 kwa mwezi. Anabaki na 800. Ni karibu miaka 8. Bado haijalipa.

Sasa tuangalie Baba B, mchuuzi anayetoa shilingi 250 kwa siku kwa matatu na tuktuk ya mzigo. Kwa mwezi ni 6,500. Kwa baiskeli ile ile ya lithiamu atatoa 1,800 na kubaki na 4,700. Baada ya miezi 16 pesa zake zimerudi, na betri ya kwanza bado inafanya kazi.

Mnaona tofauti? Chombo ni kimoja, stima ni ile ile. Kilichobadilika ni pesa ambazo mtu alikuwa akitoa tayari. Anayetumia nauli ndogo, umeme hauna kikubwa cha kumwokolea. Anayetoa nyingi kila siku ya kazi, huyo anaweza kufaidika.

Tena tusidharau baiskeli ya kawaida. Tukiweka bei 15,000 na matengenezo 500, Mama A angerudisha pesa zake kwa miezi 7 na kitu. Jasho atatoa, ndiyo, lakini deni hana.

4. MAJARIBIO KABLA YA KULIPA

(a) Panda nayo mpando, na mzigo wako wa kila siku. Tambarare haitoshi, hata chombo kibovu huenda.

(b) Tumia mita ya tokeni. Maliza betri, zima vitu vyote vya nyumbani, andika uniti zilizobaki, kisha chaji hadi ijae. Betri ya wati-saa 480 iliyo nzima itakula zaidi kidogo ya nusu uniti, kwa sababu chaja nayo hupoteza kiasi. Ikijaa kwa uniti 0.3, ujue imebaki nusu, hata kama imepakwa rangi mpya. Muuzaji akikataa jaribio hili, jibu umeshapata.

(c) Uliza spea. Tyubu na breki fundi yeyote wa Magongo atazimudu. Lakini mota au kile kisanduku kikiungua, nani anacho hapa Mombasa?

(d) Angalia kutu. Chumvi ya bahari hula nyaya na viungio. Kwa mtumba, fungua uone ndani.

(e) Pata risiti na garanti ya maandishi, betri itajwe waziwazi. Maneno ya mdomo huenda na upepo.

(f) Ikiwa haina pedali na inakimbia kama pikipiki, kisheria hiyo ni pikipiki: inataka namba, bima na leseni. Ongeza gharama hizo.

5. USALAMA WA NYUMBANI NA BARABARANI

Betri ya lithiamu iliyogongwa, iliyolowa au kuchajiwa kwa chaja isiyo yake inaweza kulipuka moto. Katika jiji la New York, mwaka 2023 pekee, watu 18 walikufa kwa mioto ya betri za namna hii. Na sisi wengi tunaishi chumba kimoja chenye mlango mmoja. Basi usichaji karibu na mlango huo, wala kando ya kitanda, wala usiku watu wamelala. Na kama mita ni ya ploti nzima, elewaneni kwanza na mwenye nyumba, isije ikawa ugomvi.

Barabarani, malori ya makontena ya bandarini ndiyo majirani zetu. Chombo cha umeme hakina sauti, dereva wa trela hakusikii. Taa, kofia ya chuma na breki nzuri si urembo.

6. NJIA NYINGINE

Kwa vijana wa bodaboda, kampuni kadhaa hutoa pikipiki ambayo betri si yako: ikiisha unaibadilisha kituoni na kulipia. Uzuri wake ni kwamba hofu ya betri kufa inabaki kwa kampuni. Ubaya wake ni kwamba unafungwa na vituo vyao na bei zao. Soma mkataba hadi mwisho kabla ya kutia sahihi.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa wiki moja, kila mwanachama aandike kila shilingi ya nauli. Ni nani kati yetu yuko kama Mama A, na nani kama Baba B?

2. Chama kikikopesha pesa za baiskeli, nani atalipia betri ya pili?

3. Je, watu watatu wanaweza kununua chombo kimoja kizuri kwa pamoja, badala ya vitatu vibovu?

4. Betri kuukuu za mtaa wetu sasa hivi zinakwenda wapi?

Umeme si mbaya, na bei nafuu si dhambi. Lakini rahisi inaweza kuwa ghali. Tupige hesabu kwanza, ndipo tufungue mkoba.