Kupakaa dawa katika jicho la mbwa

Mbwa wa kuwinda anapita kila siku katika majani marefu, kwa hiyo macho yake yanaumia upesi. Ukiona jicho jekundu lenye kutoa usaha, usingoje.

Nawa mikono. Chemsha nusu litre ya maji na kijiko kidogo cha chumvi, acha yapoe. Lowesha kitambaa safi, pangusa usaha wote. Ukipakaa dawa juu ya usaha ni kuitupa. Tazama kama mbegu ya majani imeingia. Isipotoka kwa maji, usiivute kwa kucha.

Kisha mwenzako amshike mbwa kichwa. Wewe vuta kope la chini, weka ndani pomadi ya macho ya tetrasiklini 1%, kadiri ya punje ya mchele. Ncha ya bomba isiguse jicho. Fanya hivi mara tatu kila siku, kwa siku saba. Wengi wanaacha siku ya tatu wakiona jicho jeupe tena, na ugonjwa unarudi.

Angalia sana: pomadi yenye kortizoni usiipakae bila munganga wa nyama. Kama jicho lina kidonda, dawa ile inakizuia kupona, na jicho linaweza kutoboka. Mbwa akifumba jicho kwa maumivu, ao ukiona alama nyeupe juu ya mboni, mpeleke kwa munganga leo. Vile vile akikohoa na kutoa kamasi, maana ugonjwa hauko katika macho tu.

Nyoka akimtemea sumu, usichemshe kitu. Mwagia jicho maji safi mengi palepale, dakika 15, kisha mpeleke.