Lori Linalosikika Lisionekane: Maswali ya Wasomaji wa Katandala

Swali: Usiku tunasikia lori likinguruma karibu kabisa na nyumba. Tukitoka, barabara tupu. Je, ni ushirikina? (Barua za namna hii ni nyingi, nazijibu pamoja.)

Jibu: Si ushirikina, na anayekutoza fedha au kuku ili aiondoe sauti hiyo anakuibia. Lori lipo, ila liko mbali, pengine kilomita kadhaa, kwenye barabara ya Tunduma au ya kwenda bandari ya Kasanga. Mchana hewa iliyo karibu na ardhi ina joto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Usiku wa Juni au Julai, huku Ufipa kwenye mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo ukitulia na anga likiwa jeupe, ardhi hupoa upesi na kuipoza hewa ya chini. Sauti huenda kasi zaidi kwenye joto, kwa hiyo sasa hupinda kurudi chini na kukufikia kitandani. Njiani milio mikali ya matairi na breki imeshafifia. Umebaki muungurumo wa injini. Wimbi lake lina urefu wa mita 4 hivi, hupenya bati na dirisha, na ndani ya chumba masikio hushindwa kutambua linatoka upande gani. Ndiyo maana unadhani lori liko uani. Inaniuma kuona wazee wakinyooshewa vidole kwa sababu ya hewa ya baridi. Acheni.

Swali: Niliwapelekea viongozi wa mtaa sauti ya malori niliyorekodi kwa simu. Wakasema mbona ndogo.

Jibu: Spika ya simu haiwezi kutoa muungurumo, kinachokunyima usingizi ndicho ilichokiacha. Watafiti wanaowasikilizisha watu kelele za malori za kuigizwa hutumia spika kubwa, na wakitaka kuigiza hali ya ndani ya nyumba hupunguza milio mikali, kwa kuwa ukuta huizuia hiyo kuliko mizito. Hata kipimo cha kawaida cha desibeli huipunja sauti nzito. Andika saa, idadi ya malori na mara mlizoamshwa. Wastani wa usiku unaweza kuonekana mdogo ilhali lori moja la saa nane limewaamsha watoto wote.

Swali: Si tutazoea?

Jibu: Masikio huzoea; moyo wa aliyelala huendelea kudunda kwa kasi lori linapopita. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliishauri Ulaya kwamba kelele za barabara usiku, nje ya nyumba, zisizidi wastani wa desibeli 45.

Swali: Mstari wa mikaratusi utasaidia?

Jibu: Utaficha lori tu.

Swali: Na pamba masikioni?

Jibu: Muungurumo unapita.

Swali: Madereva wanaolaza malori mtaani huwasha injini alfajiri kwa muda mrefu. Ni lazima?

Jibu: Kujaza upepo wa breki ni lazima, na kwa gari zima dakika chache zinatosha. Linalonguruma nusu saa ama linavuja upepo, nalo ni hatari barabarani, ama dereva hajali. Mwambieni mwenye gari, na malori yalale yadi, si chini ya dirisha la mgonjwa.