Redio za Ridhaa Zilipozaa Setilaiti: Somo Kutoka Chuo Kikuu cha Surrey

Ndugu mwanafunzi, redio ya ridhaa ni mawasiliano ya watu wenye leseni, katika masafa waliyotengewa, kwa ajili ya kujifunza na si biashara. Vyuoni wengi huichukulia kuwa burudani ya jioni. Katika Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, ilifika mbali zaidi.

Mwanzo

Katika miaka ya 1970, Martin Sweeting, aliyekuwa mwanafunzi wa uhandisi chuoni hapo na mpenzi wa redio, pamoja na wenzake, walijitengenezea mitambo ya kunasa picha za setilaiti za hali ya hewa. Kutoka kusikiliza wakaingia katika kujenga. Walitumia vipuri vya kawaida vya elektroniki, na tarehe 6 Oktoba 1981 roketi ya NASA ilirusha setilaiti yao, UoSAT-1.

Mtihani

Mwaka 1982 ilitokea hitilafu. Mitambo miwili ya kurusha mawimbi iliwaka kwa pamoja, na kelele yake ikakiziba kipokezi cha amri. Ni sawa na mtu anayepiga kelele: humsikii ukimnong'oneza. Chuo kiliamrisha, setilaiti haikusikia. Hali hiyo ilidumu kwa miezi.

Suluhisho halikupatikana Surrey. Wapenzi wa redio wa Marekani walisaidia, likatumika dishi kubwa la California lenye upana wa mita 46 hivi. Septemba 1982 amri ilipenya, setilaiti ikatii. Iliendelea kufanya kazi hadi 1989.

Matunda

UoSAT-2 ilirushwa Machi 1984. Mwaka 1985 chuo kilianzisha kampuni ya kutengeneza setilaiti ndogo. Wahandisi wa Algeria walikwenda kujifunza huko, na AlSAT-1, setilaiti ya kwanza ya nchi yao, ikarushwa mwaka 2002. Nigeria ilifuata mwaka 2003.

Tuzingatie

1. Kazi ya ridhaa si kazi ya ovyo. Waliojifunza bila malipo ndio waliokuja kuwafundisha wahandisi wa mataifa.
2. Kukwama si aibu. Setilaiti iliokolewa kwa sababu wenyewe walikuwa na watu wa kuwaomba msaada.

Maswali ya kujadili katika halaka: Je, klabu yetu inajenga nini, au inasikiliza tu? Na siku tutakapokwama, tumejenga udugu na nani wa kumwita?