Somo la Kiingereza: “To Drink” au “Drinking”?

Dereva mmoja aandika barua ya kuomba kazi. Zamani alikuwa mlevi, lakini sasa ameacha pombe, naye ataka mwajiri alijue jambo hilo. Basi aandika: “I stopped to drink.” Mwajiri aisoma barua, kisha aiweka kando. Maneno yale hayasemi kwamba dereva aliacha kunywa. Yasema kwamba alisimama ili anywe. Angaliandika “I stopped drinking,” maana ingalikuwa ile aliyoikusudia. Dereva huyu ni wa mfano tu, lakini kosa lake ni la kawaida, nalo huwapata hata watu waliosoma miaka mingi.

Asili ya kosa ni hii. Katika Kiswahili, “ku-” yatosha kwa kazi mbili. Husemwa, “Ataka kusoma,” na tena, “Kusoma kwake kumemfaa.” Neno ni lile lile, ingawa katika mfano wa pili limetumika kama jina la kitu. Kiingereza kina maumbo mawili. La kwanza ni “to read,” nalo huitwa “infinitive.” La pili ni “reading,” nalo huitwa “gerund.” Mwenye kufasiri “ku-” kwa “to” kila mahali hana budi kukosea. Yafaa azishike kanuni hizi tano.

Kanuni ya 1. Baada ya vitenzi kama “want,” “hope,” “decide,” “promise,” “agree” na “refuse,” hutumika “to.” Vitenzi hivi mara nyingi hutazama mbele, kwenye jambo ambalo halijatendeka bado. Kwa mfano: “She hopes to find work,” yaani, atumaini kupata kazi.

Kanuni ya 2. Baada ya vitenzi kama “enjoy,” “finish,” “avoid,” “deny” na “keep,” hutumika “-ing.” Kwa mfano: “They finished building the house,” yaani, walimaliza kujenga nyumba. Kusema “finished to build” ni kosa. Lakini vitenzi vichache, kama “begin” na “start,” hukubali maumbo yote mawili bila kubadili maana: “It began to rain” na “It began raining” ni sawa.

Kanuni ya 3. Baada ya maneno madogo kama “of,” “at,” “for,” “without” na “before,” hutumika “-ing.” Kwa mfano: “He left without paying,” yaani, aliondoka bila kulipa. Hapa pana mtego, kwa kuwa mara nyingine “to” yenyewe ni neno dogo la namna hiyo. Wengi humaliza barua kwa kuandika “I look forward to hear from you.” Sahihi ni “to hearing.” Njia ya kupima ni kutia jina la kitu baada ya “to.” Kwa kuwa yawezekana kusema “I look forward to your letter,” basi kitenzi kikiwekwa hapo sharti kiwe na “-ing.” Vivyo hivyo, “I am used to driving at night” maana yake ni kwamba msemaji amezoea kuendesha gari usiku, bali “I used to drive at night” maana yake ni kwamba zamani aliendesha usiku, na sasa haendeshi tena.

Kanuni ya 4. Baada ya “can,” “must,” “may” na “should,” hapana “to” wala “-ing.” Husemwa “I must go,” si “I must to go.”

Kanuni ya 5. Vitenzi vichache hubadili maana kwa kufuata umbo. “Stop” ni kimoja, kama alivyoona yule dereva. Kingine ni “remember.” Mlinzi wa ghala akisema “I remembered to lock the door,” maana yake ni kwamba hakusahau kazi yake, akaufunga mlango. Akisema “I remember locking the door,” maana yake ni kwamba sasa anakumbuka kuwa aliufunga. Katika “to,” kukumbuka hutangulia na kufunga hufuata. Katika “-ing,” kufunga hutangulia na kukumbuka hufuata. Mbele ya askari anayeandika maelezo baada ya wizi, tofauti hiyo si ndogo.

Dereva akizifuata kanuni hizi, barua yake itasema: “I stopped drinking two years ago. I am used to driving at night. I hope to work for you, and I look forward to hearing from you.” Hapo mwajiri atamwelewa.

ZOEZI. Msomaji na ajaze nafasi kwa umbo lifaalo la neno lililotajwa.

1. “He agreed … me.” Neno: help.
2. “We finished … the maize.” Neno: plant.
3. “Thank you for … us.” Neno: visit.
4. “They must … the school fees.” Neno: pay.
5. “Please remember … this letter tomorrow.” Neno: post.

MAJIBU. 1, to help. 2, planting. 3, visiting. 4, pay. 5, to post.