Pigeni Magoti Pamoja Mbele ya Ekaristi

Wapendwa wanandoa, karo ya watoto au mambo ya shamba yanapoleta maneno nyumbani, mara nyingi mume hutoka na mke hununa. Siku zinapita, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Mwaka 1985, Kongamano la 43 la Ekaristi la Kimataifa lilifanyika Nairobi, naye Papa Yohane Paulo II akahudhuria. Mada yake ilikuwa Ekaristi na familia ya Kikristo. Mambo haya mawili hayatengani. Katika Ekaristi, Kristo hujitoa mzima kwa Kanisa, bibi arusi wake. Siku ya ndoa yenu ninyi nanyi mliahidi kujitoa hivyo. Kumwabudu katika Ekaristi ni kukaa karibu naye ili tujifunze kutimiza ahadi hiyo.

Parokia nyingi huwa na ibada ya kuabudu Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Nendeni pamoja, mkianza na nusu saa tu. Usimshtaki mwenzako mbele ya Bwana. Mweleze kosa lako wewe. Kisha mwombee mwenzako kwa jina. Njiani kurudi, aliyekosa aseme, "Nisamehe."

Kuabudu hakuchukui nafasi ya Misa wala ya mazungumzo. Na penye kipigo, usivumilie kimya, tafuta msaada. Lakini waliopiga magoti pamoja huona wepesi kuketi pamoja na kusemezana.

Zungumzeni: Ni neno gani tumeshindwa kuambiana mwezi huu?